Jinsi ya Kuahirisha Udhamini wa Jeshi wa Masomo ya Udaktari ili Kwenda Kusoma Uzamili Uingereza

Mwongozo huu unamhusu mwombaji aliyeko Marekani ambaye amekwisha kukubaliwa katika chuo cha udaktari, ameteuliwa kupata udhamini wa jeshi ujulikanao kwa herufi HPSP, kisha akapata ufadhili wa kwenda kusoma uzamili Uingereza, yaani Rhodes (wa Oxford), Marshall au Gates Cambridge. Njia hiyo niliipita mwenyewe kabla ya kuwa daktari wa jeshi, na siku hizi nawasaidia vijana wanaoiendea, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Afrika Mashariki. Karibu wote huja wakidhani kwamba kuahirisha ni ombi moja, kumbe ni maombi mawili kwa taasisi mbili, chuo cha udaktari na jeshi, ambazo hazina desturi ya kuulizana, na mpangilio wa maombi hayo ndio unaoamua kama utarudi na kukuta nafasi yako.

Hatua ya kwanza: jua kama umekula kiapo au bado

Udhamini huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Jeshi hulipa ada yote, vitabu na posho ya kila mwezi. Mwanafunzi hufanya siku 45 za mafunzo ya kijeshi kila mwaka, na akihitimu hutumikia mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa. Hata hivyo, hakuna kinacholipwa mpaka ule kiapo cha ofisa, na siku hiyohiyo unakuwa ofisa wa akiba, kwa cheo cha luteni usu ikiwa umejiunga na jeshi la nchi kavu au la anga.

Kabla ya kiapo, unaweza kujitoa bila deni lolote. Lakini usijidanganye kwamba nafasi yako itawekwa kabatini ikungoje: nafasi hizi hugawanywa kwa mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo unachoomba kwa kweli ni kufikiriwa upya katika mgawo mwingine. Baada ya kiapo, mambo hubadilika. Wewe ni ofisa unayeomba ruhusa, unasubiri jibu la wakubwa, na ukiruhusiwa, ada na posho husimama kwa muda wote ambao haupo chuoni. Kwa hiyo, ikiwa majibu ya ufadhili bado hayajatoka na tarehe ya kiapo imekaribia, omba kiapo kisogezwe mbele. Majibu ya Rhodes kwa Wamarekani hutangazwa Novemba, siku ileile ya usaili, na ya Marshall hufuata muda mfupi baadaye. Kusubiri wiki chache hakumuudhi mtu.

Hatua ya pili: anza na chuo cha udaktari

Wengi hukimbilia jeshini kwanza, nami naona hilo ni kosa, kwa sababu udhamini umeegemea nafasi ya chuo. Chuo kikikataa kukushikia kiti, jeshi halina cha kuahirisha.

Mwandikie mkuu wa udahili, na utaje idadi kamili ya miaka unayohitaji. Rhodes na Marshall kwa kawaida ni miaka miwili, ilhali vyuo vingi huwa vyepesi kutoa mwaka mmoja na vizito kutoa wa pili. Usiombe mmoja ukitumaini kuongeza mwingine ukiwa Oxford. Chuo kikishikilia mwaka mmoja, uliza kuhusu Marshall ya mwaka mmoja, ambayo ipo, au shahada ya mwaka mmoja ya Cambridge kupitia Gates.

Hapa pana mtego ambao wachache huuona mapema. Masomo ya uzamili Uingereza kwa kawaida huanza Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na kozi ya miezi kumi na miwili humalizika Septemba, ilhali chuo cha udaktari Marekani hufungua Julai au Agosti. Kozi iitwayo ya mwaka mmoja inaweza basi kukukosesha ufunguzi wa darasa lako, na kwa hesabu za udahili huo ni mwaka wa pili. Kabla ya kuchagua kozi, fungua kitabu chake cha mwongozo na utafute tarehe ya kukabidhi tasnifu, si tarehe ya mwisho wa muhula.

Hatua ya tatu: liandikie jeshi, nalo likujibu kwa maandishi

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja tarehe uliyoteuliwa, jina la ufadhili na muda wake, tarehe mpya ya kuanza udaktari, kisha uliza maswali mawili: je, uteuzi wangu utahamishiwa mwaka wa fedha unaofuata au nitaomba upya? Na je, vipimo vyangu vya afya vitakuwa halali bado? Ambatisha barua ya chuo. Itume kwa ofisa mwandikishaji wako pamoja na ofisi inayosimamia udhamini, nawe ubaki na nakala.

Nasisitiza maandishi kwa sababu mimi niliridhika na maneno. Mwandikishaji wangu aliniambia kwa simu, "Nenda ukasome, nafasi yako ipo," nami nikaenda. Niliporudi alikuwa amehamishwa kituo, na mrithi wake alipofungua faili langu hakukuta hata mstari mmoja kuhusu mazungumzo yale. Vipimo vyangu vilikuwa vimepitwa na wakati. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kikavimba tena, kama kinavyoweza kumtokea yeyote aliyechanjwa utotoni BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na ikabidi nipigwe picha ya kifua na kusubiri. Ukiwa na kovu la BCG, omba mapema kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi na chanjo hiyo.

Hatua ya nne: tunza kumbukumbu ukiwa ng'ambo

Ofisa huchunguzwa usalama wake, na fomu ya uchunguzi huo huuliza makazi yako ya miaka iliyopita, watu wanaoweza kuthibitisha kwamba uliishi hapo, pamoja na raia wa kigeni ulio na ukaribu nao. Andika kila anwani na tarehe zake tangu siku ya kwanza. Shangazi wa Tanga unayempigia kila Jumapili naye anaingia. Kamisheni hutolewa kwa raia wa Marekani pekee. Mtanzania mtu mzima aliyechukua uraia huo amekwisha kupoteza wa Tanzania, lakini Mkenya anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili, na anapaswa kuutaja bila kuulizwa.

Hatua ya tano: ikiwa jeshi halikusubiri

Udhamini wa miaka minne ukipotea, upo wa miaka mitatu, unaoombwa ukiwa mwaka wa kwanza wa udaktari. Mwaka huo mmoja utaulipia mwenyewe, na deni lako la utumishi nalo litapungua kwa mwaka. Kusanya barua za wadhamini na matokeo yako ya Uingereza kabla ya kufunga mizigo, kwa kuwa kuyafuatilia kutoka Marekani katikati ya somo la anatomia kunachosha. Mimi ndivyo nilivyomaliza: mwaka wa kwanza niliulipia kwa mkopo, na kiapo nikakila katika likizo ya kuingia mwaka wa pili.