Kuunganisha diski ya nje ya USB kwenye kompyuta ya zamani yenye Linux

Laptopu za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zikiwekewa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, hupata maisha mapya, ila diski zake za ndani huwa ndogo, na picha na video haziishi kuongezeka. Diski ya nje humaliza shida hiyo kwa gharama nafuu. Mfano wangu hapa ni ThinkPad X200, mashine ya mwaka 2008, ikiwa na Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux. Linux Mint na Ubuntu zinakubali amri zilezile.

Kwenye mashine za umri huo balaa nyingi hutoka sehemu mbili: umeme usiotosha, na kuikosea diski jina. Ndiyo maana hatua mbili za mwanzo ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya 1: hakikisha diski inapata umeme

Matundu yote ya X200 ni ya USB 2.0, na tundu la aina hiyo limekusudiwa kutoa miliampia 500 tu. Diski ya inchi 2.5 yenye sahani inaweza kudai zaidi ya hapo katika sekunde za kwanza, mota inapoanza kuzungusha sahani. Ikikosa umeme utaisikia ikigonga tik, tik, tik, taa inawaka na kuzima, halafu kimya. Usiiache igonge hivyo. Ichomoe.

Chomeka diski, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), uandike:

sudo dmesg | tail -n 20

Ukiona "new high-speed USB device" umepata mwendo wa USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde. Maneno "full-speed" yanasikika vizuri, lakini maana yake ni megabiti 12 tu. Mara nyingi chanzo ni waya mbovu au habu (kigawanya matundu ya USB) ya kizamani. Na ukiona "device not accepting address" au "error -71", simama hapo hapo. Badilisha waya kwanza, utafute mfupi na mnene. Tatizo likibaki, nunua habu yenye adapta yake ya umeme. Kufomati diski inayokatika-katika ni kujitafutia hasara, hata kama amri zote zitaonekana zimepita.

Jipange pia kwa muda. Kwa vitendo USB 2.0 hupitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 500 huchukua saa nne na nusu au zaidi. Anza kazi hiyo jioni, laptopu ikiwa kwenye chaja.

Hatua ya 2: ijue diski yako kwa uhakika

Endesha amri hii mara mbili, kabla ya kuchomeka diski na baada ya kuchomeka:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE,LABEL,UUID

Kilichoongezeka mara ya pili ndicho diski yako. Linganisha ukubwa na modeli na maandishi ya kwenye kasha. Kwa kawaida ya ndani huitwa sda na ya nje sdb, lakini herufi hizo hugawiwa kwa mfuatano wa diski kuonekana. Ukichomeka flashi mbili leo na kuwasha mashine upya kesho, sdb inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Kwa sababu hiyo nimeandika sdX katika amri zote za chini. Weka herufi yako mwenyewe baada ya kuithibitisha, na uithibitishe tena kila ukichomoa na kuchomeka.

Kama diski ni ya mtumba, ipime afya kabla ya kuikabidhi chochote:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -d sat -a /dev/sdX

Tazama namba ya mwisho kwenye mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Sifuri ni dalili njema. Ikiwa Current_Pending_Sector si sifuri, mimi siweki picha za mtu humo.

Hatua ya 3: gawa na kufomati

Hatua hii inafuta kila kitu kilichomo kwenye diski. Kama mfumo umeshaifungua wenyewe, yaani umeiunganisha na folda ili itumike, itenganishe kwanza:

sudo umount /dev/sdX1

Kisha:

sudo parted /dev/sdX mklabel gpt
sudo parted -a optimal /dev/sdX mkpart hifadhi ext4 0% 100%

Nachagua GPT, jedwali linaloonyesha diski imegawanywaje, kwa sababu jedwali la zamani la MBR huishia kwenye terabaiti 2. Kama diski ina data, parted itakuuliza kabla ya kufuta. Tumia nafasi hiyo kusoma tena jina la diski kabla ya kujibu Yes.

sudo mkfs.ext4 -L HIFADHI -m 1 /dev/sdX1

Hiyo "-m 1" ina faida kubwa. Bila kuambiwa, ext4 (mfumo wa faili wa Linux) humtengea mtumiaji mkuu asilimia 5 ya nafasi, ambayo kwenye terabaiti 1 ni gigabaiti 50 zinazokaa bure. Kwa diski ya kuhifadhia tu, asilimia 1 inatosha.

Fomati kwenye mashine hiyohiyo ya zamani, usiende kwa jirani mwenye kompyuta mpya. Programu mpya za kufomati huwasha vipengele vya ext4 ambavyo Linux ya zamani haivijui, na ikivikuta inaweza kukataa kuifungua diski.

Je, kama diski itatembea hadi kwenye Windows? Chagua exFAT, mfumo wa faili unaosomwa na Windows na Linux. Linux inaisoma bila msaada kuanzia keneli (kiini cha Linux) 5.4 ya mwaka 2019. Chini ya hapo sakinisha exfat-fuse. FAT32 haipokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi, kwa hiyo video ndefu zitakataa. Ila diski isiyotoka nyumbani iwe ext4. Ina jarida la mabadiliko, na umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo wa faili hurudi katika hali nzuri kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 4: ipe mahali pa kudumu

sudo mkdir /mnt/hifadhi
sudo chattr +i /mnt/hifadhi

Amri ya pili wengi hawaifanyi, nami naisisitiza. Inaifunga folda ikiwa tupu. Siku diski haijachomekwa, programu ya kunakili haitaweza kumwaga mafaili ndani ya diski ndogo ya ndani mpaka ijae. Itakataliwa papo hapo. Diski ikifunguliwa juu ya folda hiyo, kila kitu huandikika kama kawaida.

Sasa chukua UUID, namba ambayo haibadiliki hata herufi ibadilike:

sudo blkid /dev/sdX1

Tunza nakala ya fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine inapowaka, kisha uifungue:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani
sudo nano /etc/fstab

Ongeza mstari huu mmoja mwishoni:

UUID=namba-yako /mnt/hifadhi ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

Usiache "nofail". Bila neno hilo, ukiwasha laptopu diski ikiwa kabatini, mfumo utaisubiri sekunde 10 kisha utakutupa kwenye hali ya dharura yenye skrini nyeusi.

Jaribu bila kuzima mashine:

sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
findmnt /mnt/hifadhi
sudo chown $USER: /mnt/hifadhi

Hiyo chown lazima ije baada ya diski kufunguka, kwa kuwa umiliki unaandikwa ndani ya diski yenyewe.

Hatua ya 5: nakili, kisha chomoa kwa utaratibu

rsync -a --info=progress2 ~/Picha/ /mnt/hifadhi/Picha/

Badilisha jina la folda liwe lako. Ikikatika njiani, rudia amri ileile. Mafaili yaliyokwisha kufika hayatanakiliwa tena.

Asilimia kufika 100 hakumaanishi data imefika diskini. Linux hushikilia sehemu yake kwenye RAM, na kwa mwendo wa USB 2.0 mabaki hayo yanaweza kuchukua dakika kadhaa kuandikwa. Kwa hiyo:

sudo umount /mnt/hifadhi
udisksctl power-off -b /dev/sdX

Umount ikikaa kimya, iache imalize. Ikisema "target is busy", kuna programu bado inaitumia diski. Itafute kwa "sudo fuser -vm /mnt/hifadhi" uifunge.

Ikiwa mashine inaganda mwanzoni kabisa kila ukiiwasha diski ikiwa imechomekwa, BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, inajaribu kuanzia kwenye diski hiyo. Kwenye X200 bonyeza F1 mara tu inapowaka, ingia Startup, kisha Boot, uishushe USB HDD iwe chini ya diski ya ndani, halafu uhifadhi kwa F10.