Masta au doktora ya saikolojia ya kazi ukiwa Lubumbashi: anza na swali la nani atalipa

Mtu aliyemaliza saikolojia UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo) akitaka kuendelea na saikolojia ya kazi na mashirika katika chuo kikuu cha Marekani kinachochuja sana, hukuta milango miwili, na wengi hugonga ule usio wao.

Mlango wa kwanza ni masta. Huchukua kama miaka 2, krediti 36 hadi 48. Unajifunza kuajiri, kutunga na kutumia vipimo, mafunzo ya wafanyakazi, takwimu, na mara nyingi unafanya staji, yaani mafunzo ya kazini, kampunini. Chuo hakikulipi kitu, au kinapunguza kidogo tu. Kwa mfano, Teachers College ya Columbia, New York, ina masta ya krediti 45, na krediti moja ni karibu dola 2,000. Minervali, yaani ada ya masomo, peke yake inakaribia dola 90,000, kabla hujala wala kulipa nyumba.

Mlango wa pili ni doktora, miaka 4 hadi 6. Huko chuo kwa kawaida kinakusamehe minervali na kukupa posho ya kila mwezi, nawe unafanya utafiti na profesa au kusaidia kufundisha. Nafasi ni chache: programu nyingi huchukua wanafunzi wasiofika 10 kwa mwaka. Kwa hiyo mlango mwembamba ndio wenye chakula ndani. Jambo jingine linalowashangaza waliozoea njia ya DEA na DES, zile diploma za kati kabla ya doktora: Marekani si lazima uwe na masta kwanza. Unaingia doktora moja kwa moja, na programu nyingi hukupa masta njiani.

Ukitaka kuwa mkuu wa rasilimali watu katika kampuni ya mgodi kati ya hapa na Kolwezi, na una mtu au kampuni ya kulipa, masta inakutosha. Ukipenda utafiti na huna mfadhili, usipoteze dola zako kwenye maombi ya masta. Upo pia mlango wa pembeni ambao watu huupita bila kuuona: doktora ya tabia za watu katika mashirika, inayofundishwa kwenye shule za biashara. Maswali yake yanakaribiana sana na yetu, na posho huko mara nyingi ni nono zaidi.

Kwa doktora ya fani yenyewe, majina ya kuanzia ni Michigan State, Minnesota, Bowling Green State, South Florida, Penn State, Rice na George Mason. Chama cha fani hiyo, SIOP, kina orodha ya programu kwenye tovuti yake. Usihangaike kuuliza kama programu imeidhinishwa na APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani. APA huidhinisha programu za saikolojia ya tiba, ya ushauri na ya shule. Za kazi na mashirika hazimo. Atakayekuuzia masta kwa kujisifia idhini hiyo, mkimbie.

Sasa karatasi, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi kutoka Kongo yanapokwama. Neno lenyewe Licence ni mtego. Katika mfumo wa zamani lilimaanisha miaka 5, yaani gradua miaka 3 na lisansi miaka 2. Katika mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora) linamaanisha miaka 3, krediti 180. Afisa wa udahili aliyeko Michigan hawezi kujua ipi ni ipi. Mbaya zaidi, mtafsiri mvivu ataliandika kwa Kiingereza likawa kama kibali cha kuendesha gari. Mwambie aliache neno kwa Kifaransa, kisha aongeze sentensi moja ya maelezo: miaka mingapi baada ya diploma ya Serikali (ile ya kumaliza sekondari), na mfumo gani. Mwenye lisansi ya zamani hana shida ya miaka. Mwenye lisansi ya LMD aandikie ofisi ya udahili kabla ya kulipa chochote, kwa sababu vyuo vingine vinadai shahada ya miaka 4. Mwenye gradua peke yake amalizie kwanza.

Halafu alama. Kwetu 70% ni distinksioni, na kuipata kunatoa jasho. Mmarekani akiona 70% anaona mwanafunzi dhaifu. Usijibadilishie alama mwenyewe kwenda mizani yao, utashukiwa. Andika asilimia kama zilivyo, na uombe aparitora (ofisi ya usajili wa wanafunzi) au sekretarieti ya fakulte iweke kwenye relevé, yaani karatasi ya alama, au kwenye barua yenye muhuri, maelezo ya ngazi: satisfaksioni 50 hadi 69, distinksioni 70 hadi 79, distinksioni kubwa kuanzia 80. Ikiwa unajua nafasi yako katika promosheni, yaani darasa lako la mwaka, iandikwe pia; "wa 3 kati ya 112" inaeleweka popote duniani. Chuo kikidai tathmini ya nje, kama ya WES, shirika linalopima diploma za kigeni, chagua ile ya kozi moja moja, si ile ya shahada kwa ujumla. Chukua relevé za miaka yote, nakala 3 kila moja, na uanze mwezi wa 6. Mwezi wa 11 ofisi zimejaa watu wenye haraka kama wewe.

Majina ya kozi nayo yanatafsiriwa kwa maana. "Psychotechnique" ikipitishwa neno kwa neno haisemi lolote huko. Mtafsiri aandike kwamba ni kozi ya vipimo vya saikolojia na matumizi yake kazini. Kozi za takwimu na za vipimo ndizo watakazozitafuta kwanza. Kama zilikuwa chache, jifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu ambayo ni ya bure, na uionyeshe kwenye CV kwa kazi halisi uliyofanya nayo.

Jina lako. Fungua pasipoti, tazama mistari miwili ya chini yenye alama <<<. Kinachofuata herufi COD hadi kwenye << ya kwanza ndicho jina la ukoo kwa kompyuta zote duniani. Kinachofuata baada yake ni majina mengine. Jisajili kwa mitihani na maombi kwa mpangilio huohuo, hata kama relevé imeanza na postnomu, lile jina la pili la Kikongo. Tofauti ya jina kati ya matokeo ya mtihani na pasipoti inaweza kukufanya ukataliwe siku ya mtihani.

Mitihani ni miwili. Wa Kiingereza ni lazima: TOEFL au IELTS, na vyuo vingine hupokea Duolingo. Matokeo ya TOEFL na IELTS hudumu miaka 2. Wa pili ni GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masta na doktora: vyuo vingi vimeiacha au vimeifanya ya hiari, lakini mtu mwenye relevé isiyoeleweka kirahisi hufaidika nayo: alama nzuri ya hesabu inaongea kwa niaba ya chuo wasichokijua. Tangu Septemba 2023 imefupishwa, inachukua saa 1 na dakika 58, na matokeo hudumu miaka 5. Inafanyika hata nyumbani, ila kwa kompyuta tu, si simu wala tableti, peke yako chumbani, bila visikilizio masikioni. Karatasi ya kawaida ya kuandikia hairuhusiwi. Unatumia kibao cheupe kidogo cha kufutika, au karatasi moja ndani ya plastiki angavu. Mtoto akifungua mlango, msimamizi anaweza kuusimamisha mtihani. Na SNEL, shirika la umeme, haitakuuliza una mtihani saa ngapi: betri ya kompyuta ishike saa 3, modemu iwe na betri yake, na mtandao wa pili uwe tayari kwenye simu, nje ya chumba.

Kuanzia Septemba waandikie maprofesa. Barua pepe ya mistari 8 inatosha: wewe ni nani, makala gani yake umesoma, swali lako, na kama atapokea mwanafunzi mwaka ujao. Usitume barua moja kwa watu 30. Maprofesa wa idara moja huongea.

Barua ya malengo, kurasa 1 hadi 2, ndiyo inayoamua. Wengi huanza hivi: "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu, na kwa kuwa Katanga ni mkoa wa migodi..." Msomaji ameshalala. Linganisha na hii:

"Mgodini, wafanyakazi wa kampuni na wa sutretansi (walioajiriwa na makandarasi) hushuka zamu moja lakini mikataba yao haifanani. Nataka kupima kama wa sutretansi huripoti ajali ndogo mara chache zaidi, na kama sababu ni woga wa kupoteza mkataba au ni kutojua pa kuripoti."

Sentensi mbili, na tayari kuna makundi mawili, kitu cha kupimika, na maelezo mawili yanayoshindana. Baada ya hapo sema memwari yako (tasnifu ya kumalizia lisansi) ilipima nini, kwa watu wangapi, na kosa gani ulilogundua katika njia uliyotumia. Kukiri kosa la mbinu hakukupunguzii. Kunaonyesha unajua kazi. Mji huu haukosi maswali. Kuondoka kwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, mwaka 2003 na 2004, kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, peke yake kunabeba doktora kadhaa.

Barua za mapendekezo ni 3, angalau 2 za waliokufundisha. Mfumo humtumia profesa kiungo kwa barua pepe, nacho hupenda kujificha kwenye taka. Mpigie simu siku hiyohiyo. Mwenye anwani ya chuo aitumie, kwa maana ile ya Gmail huzua maswali. Mpe ukurasa mmoja: kozi, alama, mada ya memwari, tarehe ya mwisho. Akikuambia "andika mwenyewe, nitatia saini", mshukuru, kisha mpe vidokezo badala ya barua. Barua tatu zenye mwandiko mmoja hutambulika.

Doktora nyingi hufunga mwanzoni mwa Desemba, masta kati ya Januari na Machi. Ada ya maombi huwa kama dola 60 hadi 125 kwa chuo, kwa hiyo omba msamaha wa ada mapema, na hakikisha kadi yako ya benki imefunguliwa kulipa intanetini. Ukipata nafasi yenye posho, usikubali kusukumwa: vyuo vilivyotia saini makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili vinakupa hadi tarehe 15 Aprili kujibu. Kisha kuna ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni), dola 350, ada ya viza, na safari ya Kinshasa kwa mahojiano. Mwenye doktora hutumia barua ya posho kama ushahidi wa fedha. Mwenye masta anaonyesha karatasi za benki.

Kiingereza kikikusumbua, vyuo vya Ubelgiji vya UCLouvain, ULB na Liège hufundisha fani hii kwa Kifaransa, na lisansi ya LMD inaingia vizuri kwenye masta yao ya krediti 120. Afrika Kusini inafikika kwa barabara, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, lakini njia yake ina ngazi: mwaka wa Honours, masta, mafunzo ya kazini miezi 12, kisha mtihani wa HPCSA, baraza la wataalamu wa afya la huko, ndipo uandikishwe kuwa mwanasaikolojia wa viwanda. Diploma zako zipitie SAQA, mamlaka ya huko inayotathmini diploma, kabla hujajaza fomu ya chuo chochote huko.