Zamu ya kusoma Neno kwa mtoto anayesoma polepole

Walimu wenzangu wa shule za Kikristo hapa Iringa, na mlioko Mbeya pia: yule mtoto anayejificha zamu yake ya kusoma Neno ibada ya asubuhi ikifika, msiwahi kumwita mvivu. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala kukosa akili, anaweza kusoma bila kukosea sana ila kwa mwendo wa kobe, na hapo ndipo wengi wanatuponyoka. Usihesabu makosa tu, sikiliza na kasi.

Mpe kifungu jana yake, kamwe usimshtukize mbele ya shule nzima. Kinakili kwa herufi kubwa, mistari iachane, na neno refu likate kwa penseli. Kwenye Zaburi ya 23, kwa mfano, andika si/ta/pu/ngu/ki/wa. Aya mbili zinatosha. Kisha kata kipande cha manila chenye urefu wa rula, akiweke chini ya mstari anaosoma ili macho yasiruke. Wagawie darasa zima vipande hivyo, asionekane wa peke yake.

Jaribio la somo la dini mwulize kwa mdomo. Wengi wa hawa wanajua hadithi ya Yusufu mwanzo mwisho, tatizo ni kuiandika tu.

Kumwombea ni vizuri. Kumsimamisha mbele aombewe kama mwenye pepo, hapana jamani. Mzazi naye aambiwe mapema, kabla ya upimaji wa darasa la nne.