Namna ya Kuisoma Nyumba ya Msonge kwa Pua

Mgeni anayefika Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, kwenye barabara itokayo Mwanza kuelekea Musoma, aghalabu huitazama nyumba ya msonge, akapiga picha na kuondoka, ilhali mengi ya ujenzi huo hutambulika kwa pua.

Chagua asubuhi iliyofuata mvua, kwa kuwa unyevu huziamsha harufu za udongo na nyasi, na usijipake manukato. Simama nje kwa dakika chache, kisha inama upite mlangoni ukizingatia pumzi zako za mwanzo, maana pua huizoea harufu upesi. Ikishazoea, toka nje upunge hewa, ndipo uingie tena.

Anza na moshi, kwa sababu ndio unaoeleza mengi zaidi. Msonge hauna dohani: moshi wa mafiga hupanda, hutanda chini ya paa, kisha hupenya taratibu katikati ya nyasi, na katika safari hiyo huzikausha, huwafukuza wadudu na kuzipaka fito masizi. Ukisimama wima utaisikia harufu hiyo kwa ukali. Ukiketi itapungua, nawe utaona faida ya kigoda kifupi. Nyumba ambayo moto wake ulizimika zamani haina harufu hiyo. Humo utasikia uvundo wa nyasi zinazooza, ambao wengine huusifu kuwa ni harufu ya ukale. Kwa maoni yangu ni dalili kwamba paa linaugua.

Kisha sogeza pua ukutani na sakafuni. Udongo uliokandikwa juu ya fito, ukipata unyevu, hunukia kama shamba lililonyeshewa sasa hivi. Sakafu iliyosiribwa kwa samadi ya ng'ombe, ikikauka vizuri, hunukia majani makavu. Ikinuka zizi, bado ni mbichi, na usiikanyage.

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, wanakoanika dagaa, zingatia pia saa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka, hivyo mlango uleule huingiza harufu ya dagaa adhuhuri na kuitoa usiku wa manane. Ingia nyakati zote mbili ukiweza.

Andika ulichonusa ukiwa bado uani, kwa sababu daladala ya kurudi mjini ina harufu zake.