Kabla ya kupima viwanja Unguja

Anza na udongo, ramani itafuata. Magharibi na katikati ya Unguja kuna kinongo, udongo mwekundu wenye kina, unaobeba minazi, migomba na muhogo. Mashariki na kusini ni maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo hapa na pale. Bahati mbaya mji uko magharibi, hivyo kila ukitanuka hula kinongo kwanza. Na unatanuka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, ya 2022 ikahesabu 1,889,773.

Kwa hiyo kabla ya kusimika vigingi, chimba. Jembe likizama hadi magotini bila kugonga jiwe, hapo ni shamba, hata kama dalali anapaita kiwanja. Ukikuta kinamo, kile kinachonata masika na kupasuka kiangazi, waachie wapanda mpunga. Kuta za nyumba zitachanika. Jembe likitoa cheche, hapo pajengwe: msingi hauhitaji kwenda chini sana na mawe yapo papo hapo.

Maweni nayo yana shida yake, na wengi huigundua wakishahamia. Jiwe limejaa nyufa na mapango, kwa hiyo uchafu wa choo cha shimo huteremka upesi hadi kwenye maji yale yale yanayotekwa kisimani. Makazi mapya huko yanataka makaro, yaani mashimo ya maji machafu, yasiyovuja, na gharama hiyo ihesabiwe kabla kiwanja hakijauzwa. Mapango yalipo, waulizwe wazee wa hapo.

Waulizwe pia msitu ni wa nani. Kusini, upande wa Makunduchi, watu hulima penye udongo katikati ya mawe, kisha hupaacha pakapumzika miaka. Mgeni huona pori tupu. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, peke yake hatoshi kujibu hili, ukoo wenye konde nao uitwe.

Eneo likaguliwe masika. Viwanja vingi hutembelewa kiangazi, bonde likiwa kavu na zuri. Waliowahi kuona mtaa wa Mwanakwerekwe ukijaa maji wanajua kinachofuata. Na kama ardhi inayouzwa ni sehemu ya eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ujue zilitolewa zilimwe. Usitoe hata shilingi ya arubuni kabla hujafika kwenye ofisi ya ardhi kuuliza kama matumizi yake yamebadilishwa rasmi.