Frame Relay bila kuumwa kichwa: kila saketi na intafesi yake ndogo

Najua utauliza: Frame Relay, ile teknolojia ya zamani ya kuunganisha ofisi zilizo mbali kupitia mtandao wa mtoa huduma, leo hii? Kweli, matawi mengi yalishahamia fiba na MPLS, teknolojia mpya zaidi ya kazi hiyo hiyo. Lakini ruta za zamani za Cisco bado zimejaa stoo za vyuo, na ni chombo kizuri cha kujifunzia jinsi saketi pepe inavyopita ndani ya mtandao usio wako. Tutatumia ruta nne: DAR ni makao makuu, MWANZA na MBEYA ni matawi, na ya nne, WINGU, inaigiza mtandao wa mtoa huduma. Kama huna ruta za kushika mkononi, GNS3, programu ya kuigiza ruta kwenye kompyuta, inatosha.

Hatua ya 1: Chora kwenye karatasi

Usiguse kibodi kwanza. Kila saketi ina namba yake, DLCI, na namba hiyo inaeleweka kati ya ruta yako na swichi inayofuata tu. DAR ikituma fremu yenye 102, WINGU inaigeuza kuwa 201 na kuitoa upande wa MWANZA. Kwa MBEYA, DAR inatumia 103 na tawi linatumia 301. Kwenye Cisco unachagua kati ya 16 na 1007.

Nasisitiza karatasi kwa sababu niliwahi kukesha kwenye tawi moja nikibadilisha kebo isiyo na kosa lolote. Fomu niliyopewa ilikuwa na DLCI mbili kwenye mstari mmoja, nami nikaandika tawini ile ya makao makuu. Tangu hapo, kwenye mchoro wangu kila namba huiandika ikigusa ruta yake.

Hatua ya 2: Andaa WINGU

frame-relay switching
interface Serial0/0
 encapsulation frame-relay
 frame-relay intf-type dce
 clock rate 64000
 frame-relay route 102 interface Serial0/1 201
 frame-relay route 103 interface Serial0/2 301
 no shutdown

Serial0/1 inafanyiwa vivyo hivyo, ila njia yake inarudi: frame-relay route 201 interface Serial0/0 102. Serial0/2 nayo inarudisha 301 kwenye 103. Ukisahau njia ya kurudi, saketi haipo.

Angalizo: DCE ya Frame Relay (upande unaocheza nafasi ya swichi) na DCE ya kebo ni vitu viwili tofauti. Saa, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa data, inatolewa na upande wenye ncha ya DCE ya kebo. Kama hujui ni upi, chapa show controllers serial 0/0, utaiona imeandikwa.

Hatua ya 3: Intafesi kuu ya DAR

interface Serial0/0
 no ip address
 encapsulation frame-relay
 no shutdown

Hapa hakuna anwani ya IP; zitakaa kwenye intafesi ndogo, yaani milango ya kimantiki ndani ya mlango huu mmoja. Ikiwa ruta ya upande wa pili si ya Cisco, ongeza neno ietf mwishoni mwa mstari wa encapsulation. Aina ya LMI, mazungumzo ya ruta na swichi kuhusu hali ya saketi, ruta huitambua yenyewe tangu toleo la 11.2 la IOS (mfumo endeshi wa ruta za Cisco), kwa hiyo mimi siigusi.

Hatua ya 4: Intafesi ndogo

interface Serial0/0.102 point-to-point
 ip address 10.1.102.1 255.255.255.252
 frame-relay interface-dlci 102
interface Serial0/0.103 point-to-point
 ip address 10.1.103.1 255.255.255.252
 frame-relay interface-dlci 103

MWANZA inapata 10.1.102.2 na DLCI 201, MBEYA 10.1.103.2 na 301, nazo pia kwenye intafesi ndogo za point-to-point. Namba ya intafesi ndogo si lazima ilingane na DLCI, ila utajishukuru siku ya hitilafu.

Mbona tusiweke matawi yote kwenye intafesi moja ya multipoint, yenye saketi nyingi? Jaribu na EIGRP, itifaki ya ruta kupashana habari za njia, uone. DAR itajifunza mtandao wa MWANZA kupitia intafesi hiyo, kisha itakataa kuutangaza kwa MBEYA kwa kuwa habari haitolewi kwenye mlango ulioingilia. Matawi yote yanaongea na makao makuu, lakini yenyewe kwa yenyewe kimya. Ukitenganisha milango, tatizo linaisha bila ujanja wowote, na huhitaji amri za frame-relay map. Gharama yake ni mtandao mdogo wa /30 kwa kila saketi, na anwani za ndani hazinunuliwi.

Ukikosea ukaandika multipoint, usitegemee kuirekebisha papo hapo. IOS nyingi za zamani zitakulazimu uifute na kuiwasha ruta upya, au utumie namba nyingine.

Hatua ya 5: Kagua kuanzia chini

Ping isubiri. Anza na show frame-relay lmi, ulinganishe maswali yaliyotumwa na majibu yaliyopokelewa. Ruta huuliza kila sekunde 10, hivyo chapa mara mbili: yakipanda yote, sawa. Maswali yakipanda peke yake, rudi kwenye kebo, saa au aina ya LMI.

Kisha show frame-relay pvc, inayoonyesha hali ya kila saketi. ACTIVE, endelea. INACTIVE, upande wako mzima, piga simu tawini. DELETED ndiyo iliyonikesheza mimi: swichi haiitambui namba uliyoandika. Ukishasahihisha, vumilia kama dakika moja, maana orodha kamili ya saketi huja mara moja katika kila maswali sita.

Hatua ya 6: OSPF

OSPF ni itifaki nyingine ya kupashana habari za njia; ukishaiwasha kwenye DAR na matawi, intafesi ndogo za point-to-point husalimiana kila sekunde 10, lakini intafesi kuu ya Frame Relay hutumia sekunde 30. Ikiwa fundi wa tawi ameweka anwani kwenye intafesi kuu, ping itapita vizuri na ujirani wa OSPF hautatokea kabisa. Hamishia anwani hiyo kwenye intafesi ndogo, halafu chapa show ip ospf neighbor: unatafuta neno FULL na kistari kando yake, kwani hapa hakuna anayechaguliwa kuwa DR, ruta kiongozi.

Sasa ndipo upige ping, kutoka MWANZA hadi MBEYA.