Vidole vya mguu vilivyoshikana: kabla hujampeleka mtoto kupasuliwa

Mie nina watoto wawili waliozaliwa na vidole vya miguu vilivyoshikana, na ni mmoja tu aliyepasuliwa. Naanza na yule ambaye hakupasuliwa.

Mkubwa wangu, kidole cha pili na cha tatu vimeungana kwa ngozi hadi nusu. Wengi huwa hivyo. Anacheza mpira hapa Kisauni, anavaa ndara, halalamiki. Daktari alivibonyeza, akamtembeza chumbani, akasema mwacheni. Nami nakubali: ukipasua kwa urembo tu, unaondoa utando usiouma na unaleta kovu linaloweza kuuma. Babake anavyo vilevile. Mambo haya hutembea kwenye damu; si kwamba nilimcheka mtu nikiwa na mimba, kama jirani mmoja alivyoninong'onea. Tumboni vidole huanza vikiwa bapa moja, kisha nyama ya katikati hujifia kati ya wiki ya 6 na ya 8 tangu mimba itungwe. Isipokufa, ndiyo hayo.

Mdogo kesi yake ilikuwa nyingine. Kidole gumba kilishikana na cha pili mpaka kuchani, na kila akikua kile kirefu kinamvuta mwenziwe, vinapinda. Ndara haina pa kupita. Hapo ndipo daktari mwenyewe alipotaja upasuaji, mtoto akiwa na miaka miwili.

Ukifika hapo, dai eksrei kwanza. Ngozi ikiwa peke yake ndiyo iliyoungana, kazi ni nyepesi. Mfupa ukiwamo, ni upasuaji mwingine kabisa. Vidole vikiwa vitatu pamoja, usishangae kuambiwa utarudi mara ya pili: kidole hakipasuliwi pande zote mbili siku moja, mishipa ya damu isije ikakatika yote kikafa.

Halafu uliza: ngozi ya kujazia itatoka wapi? Mie sikuuliza. Fikiria watoto wawili waliojifunika leso moja wamekumbatiana. Ukiwatenganisha, leso ile haiwatoshi tena. Ndivyo ilivyo kwa vidole. Daktari hukata kwa mshazari, huku na huku, maana kovu lililonyooka hujikunja na kuvuta kidole, kisha panapobaki wazi hupandikiza ngozi, mara nyingi kutoka kinenani. Nilijua hayo nilipombadilisha mtoto nepi nikakuta bandeji ya pili.

Kuhusu pesa, kumbuka NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, iliondoka Oktoba 2024 na sasa ni SHA. Hakikisha mchango umelipwa na idhini imetoka kabla ya siku yenyewe, wala usiridhike na "itakuja tu".

Usiku wa kuamkia upasuaji, mkate mtoto kucha. Kama kulikuwa na harusi, hina na piko zisiguse vidole, maana kipimo cha hewa ya kwenye damu hubanwa kidoleni na rangi ya vidole huangaliwa sana baadaye. Kwa sababu ya nusukaputi, kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe husimama saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Ila shika saa watakayokupa wao. Sisi tulirudishwa nyumbani mara ya kwanza: bibi yake alimhurumia alfajiri, akamtilia hamri mkononi. Safari ya pili nililala naye chumba kimoja, mlango nimeufunga. Kikohozi na homa pia hurudisha, basi sema ukweli.

Kisu chenyewe kilikuwa kitu kidogo. Kazi iko nyumbani, na kwa joto letu la Mombasa ndiyo zaidi. Bandeji haifunguliwi na mtu ila kliniki. Isilowe. Mie sikumwogesha kwa ndoo wiki tatu, nilimpangusa kwa kitambaa, feni inampulizia, mguu juu ya mto. Akitaka kutoka, nambeba kwa leso. Pwani ya kuchezea mchanga ikawa marufuku hadi jeraha lilipofunga kabisa.

Kidole kikiwa baridi, cheupe au cha buluu, bandeji ikinuka au ikilowa damu, au homa ikipanda, usingoje asubuhi.

Jeraha lilipofunga, nilimkanda kovu kwa mafuta ya nazi matupu kila usiku. Shangazi alileta majani ya kusaga. Nikamshukuru, nikayaweka kando. Kliniki nazo naendelea nazo, kwa kuwa utando unaweza kupanda tena mtoto akikua, na wengine hupasuliwa upya.

Ndara zilingoja ruhusa ya daktari, maana ule ukanda unakaa juu ya kovu hasa. Alianza kwa robo saa ndani ya nyumba, kisha namvua naangalia katikati ya vidole. Pakiwa pekundu, anarudi kwenye viatu laini vya wazi siku mbili, tunajaribu tena.